Kinu Kisichooshwa

Mamangu ni mtu wa kupiga. Nianze hapo, nisizunguke. Alitupiga sisi wanawe, akapiga paka, akapiga teke mlango wa jikoni kila ulipokwama, na zaidi ya vyote akapiga mbegu. Alasiri za nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, zilikuwa na mtikisiko wake. Mchi ukishuka kinuni, vikombe vililia kabatini, chokaa ikadondoka ukutani, na jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio akiomba apumzishwe. Mama hakumpumzisha. "Mwambieni kuna mzazi," alikuwa akisema. "Akitaka kulala aende Makupa akalale na malori."

Mzazi, kwetu, ni mwanamke aliyejifungua na bado yumo ndani ya arobaini yake, haruhusiwi kuinua kitu kizito ila mwanawe. Mama ndiye aliyewatwangia chakula wazazi wa mtaa wetu na wa mitaa ya jirani, na simsim ndiyo iliyokuwa mfalme wa kinu chake. Aliikaanga kavu mpaka ianze kuruka na kupasuka, kisha akaishindilia mchi. Zikafuata mbegu za boga, lozi, korosho, uwatu, habasoda kidogo, vyote vikapondwa mpaka mafuta yatoke yenyewe, halafu samli na asali juu yake. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu bila kuinua uso: simsim ni mfupa na maziwa, boga ni damu, uwatu ni titi na tumbo, habasoda ni kifua. Na huwa anaongeza neno ambalo sijalisikia kwa mwengine. "Mbegu ni chakula ambacho mti umemwekea mwanawe," husema. "Haukukuwekea weye. Ukikitaka, ukipokonye kwa nguvu."

Kinu chenyewe kilikuwa cha mbambakofi, mti mgumu ule wa kuchongea milango. Alikirithi kwa mamake, ambaye naye alikikuta. Ndani kilikuwa cheusi kinang'aa, na ukipitisha kidole kilitoka na mafuta hata kama mchi haujakigusa kwa siku kadhaa. Na kinu kile hakikuoshwa. Hakijawahi kuoshwa. Kilipanguswa kwa kitambaa kikavu, basi. Mama aliamini, na wenziwe wote wa umri wake waliamini, kwamba maji hukipasua kinu na sabuni hukiondolea baraka. Yale mafuta yaliyokwisha kuingia mtini ndiyo yanayoifanya mbegu mpya iwe tamu. Nilipokuwa msichana nilitia maji humo siku moja, nikijidai msafi. Alinipiga mwiko mgongoni hata ukavunjika, kisha akanimalizia kwa kipande kilichombakia mkononi. Halafu akalia, akanilaza mapajani pake, akanipaka mafuta ya simsim palipovimba. Mkono wake unaokupiga ndio huo huo unaokukanda.

Nami nimechukua kwake. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Shuleni nilifukuzwa kwa ngumi, na kwenye foleni ya maji mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kushika adabu. Mume wangu ni kinyume changu. Ni mtu wa bara, alikuja Mombasa kufanya kazi bandarini, akasilimu, tukaoana, na tangu hapo sijamsikia akipaza sauti hata kwa nzi. Mama alimkubali shingo upande. Tulihamia orofa ya juu ya nyumba ile ile, na tangu siku hiyo kila kilichoharibika nyumbani, hata maziwa yakikatika, kilikuwa "mambo ya bara hayo."

Binti yetu alipozaliwa, mama alitwanga kama anayepigana na mtu. Nilikula mbegu asubuhi na jioni, nikanawiri, maziwa yakanijaa hata yakanilowesha nguo. Mtoto akakua mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kupenya ukuta. Alipokaribia kuacha ziwa, bibi yake akasema wakati umefika wa kumjenga mifupa. Akamkorogea uji wa mtama, akatia kijiko cha simsim iliyopondwa.

Bakuli halijafika nusu, mtoto akaanza kujikuna midomo. Midomo ikafura. Mabaka mekundu yakamtambaa kifuani, yakapanda shingoni, yakaungana. Akatapika, akatapika tena, macho yakajifunga kwa uvimbe, na uso wa mwanangu ukawa kama wa bondia aliyeshindwa. Nilipiga kelele. Mama alipiga kelele kunishinda.

"Jito hilo! Mtoto ametiwa jito! Ni hasidi gani huyo aliyemtupia jicho?"

Akavukiza ubani. Akamvua mtoto nguo zote, akachukua chupa ya mafuta ya simsim, dawa yake ya kila kitu, akaanza kumsugua kwa viganja vyote viwili. Na kila mahali alipopitisha mkono, ngozi ilinyanyuka kama chapati kwenye kikaango. Sikuelewa. Nilidhani ni huyo hasidi anazidi kutupiga. Mume wangu ndiye aliyeingia, ametoka zamu, buti bado miguuni, akamtazama mtoto mara moja tu. Alimnyakua mikononi mwa mama mkwe wake bila hata salamu, akatoka mkuku ngazi hadi ngazi, nami nyuma yake bila viatu.

Hospitalini walimchoma sindano, wakamtia hewa ya mpira, uvimbe ukashuka pole pole. Dakta alikuwa mwanamke kijana, wa bara kwa lafudhi yake, aliyechoka hata kope zilimwelemea. Alituuliza mtoto alikula nini, tukamwambia. Akaitika kwa kichwa.

"Ni simsim," alisema. "Mbegu nzuri sana hiyo. Karibu nusu yake ni mafuta mazuri, ina madini ya kujenga mifupa, ina chuma, na ina protini nyingi. Sasa hiyo protini inayowajenga nyinyi, mwili wa huyu mtoto unaiona kama adui aliyevunja mlango. Unainua kila silaha uliyo nayo. Ule uvimbe ni vita, mama. Mwili unajipiga wenyewe."

"Vitaisha?"

"Kuna watoto wanaopona wakikua, lakini simsim huwa ngumu kuachana na mtu. Na safari nyingine vinaweza kuwa vikali zaidi. Koo likifunga, mna dakika chache. Hata chembe moja asiile."

Nikamuuliza nimlishe nini basi, maana kwetu mtoto bila mbegu ni kama nyumba bila boriti. Akaniambia mbegu nyingine tutazipima moja moja, hapo hapo hospitalini, tusikisie. Wiki zilizofuata tulizipima. Boga halikumdhuru, korosho haikumdhuru, lozi pia. Boga lingempa chuma na zinki, akasema, na mifupa tungeijenga kwa maziwa, dagaa na mboga za majani. Siku ile ya kwanza nilirudi nyumbani na nusu ya furaha.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasimama.

"Simsim? Simsim imdhuru kiumbe? Simsim ndiyo iliyokupa weye hiyo mifupa unayonisimamia nayo! Wazazi wangapi wamesimama kwa mkono huu? Wangapi?" Akamgeukia mume wangu. "Ni damu ya bara. Haijazoea vya watu. Atiwe kidogo kidogo azoee."

Mume wangu aliinama akafungua kamba za buti. Mimi sikuinama. Nililichukua lile bakuli la uji, lilikuwa bado pale lilipoachwa, nikalibamiza ukutani. Nikaifuatisha chupa ya mafuta. Mama akanizaba kofi ambalo nililisikia sikioni mpaka jua likatua. Nikamwambia, nikiwa nimeshika shavu, kwamba mtoto hatashuka orofani kwake bila mimi, na siku nitakayomwona na simsim karibu naye sitajua kama ni mamangu au ni nani. Akaniambia nitoke. Nikatoka.

Miaka ikapita hivyo, kwa vita baridi vya ngazini. Mtoto akawa wa kwenda chekechea. Nilimfundisha neno moja kabla ya mengine yote: "Sili, nitakufa." Alilisema kwa ukali, amejishika kiuno, na watu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilinusa kila mkate kabla haujamfikia. Halwa ya harusini nilimpokonya mdomoni mbele ya bibi harusi. Niliitwa mwenye kichaa, nikaitwa mwenye majivuno, nikaitika yote mawili.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani ambao nusura nipelekwe polisi. Kwetu, saa ya futari ikikaribia, sahani hutembea. Kila nyumba humpelekea jirani alichopika, kimefunikwa kawa, na sahani hairudi tupu. Utatia japo tambi, japo tende, hata kama ni kidogo cha aibu. Kukataa sahani hakupo, sijawahi kukusikia. Sasa jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro, mwanamke tuliyecheza naye utotoni, akaleta mikate ya mofa imenyunyiziwa simsim juu, moto, inanukia. Chembe zilikuwa zimemwagika hata ukingoni mwa sahani. Tulikuwa tumeshuka kumpokea mlango wa chini, na mwanangu alikuwa hapo kando yangu, mkono ameunyoosha. Niliisukuma sahani ile kifuani mwa jirani kabla hajamaliza kusema Ramadhani karimu.

"Rudisha," nikasema. "Irudishe kwako."

Alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Wanirudishia chakula changu? Ati nimetia nini? Mimi mchawi?"

"Nimekwambia mara ngapi? Simsim haingii mlango huu!"

"Simsim ya Mungu! Basi sema wewe ndiye hutaki mkono wangu!"

Maneno yakafuatwa na mate, mate yakafuatwa na mikono. Sijui nani alianza, na atakayekuambia anajua ni mwongo. Sahani ilipasukia kizingitini. Nilimkamata mtandio, akanikamata nywele, tukaburutana mpaka katikati ya kichochoro, wanawake wawili waliofunga, midomo mikavu, saumu zetu zikivuja kwa matusi. Aliniparura shavu. Nikampa konde la pua, nikasikia kitu kikilia ndani yake kama kijiti. Watu wakafungua madirisha. Ndipo mama akashuka, ameshika kipepeo cha jiko, na uso wake ulinionyesha wazi amekuja upande gani. Alikuwa amekuja kunipiga mimi.

"Mwenziwe kamletea heri, yeye yuwamletea ngumi!" aliguta. "Mshenzi weye!"

Jirani, damu ikimchuruzika puani, akapata nguvu ya kuungwa mkono. Akanyoosha kidole kwa mwanangu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango. "Na hako katoto kenyewe," akasema, "kasichokula walichokula wazee wake, si ka kwetu hako. Mbegu ya bara haioti pwani."

Mama akamtazama. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, alikuwa ameyasema jikoni mwake miaka na miaka, lakini nadhani hakuwahi kuyasikia yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwengine. Akainua kipepeo, akamtandika jirani kichwani, paa, kikavunjika mpini.

"Bibi yake nasema nitakavyo," alitweta. "Weye husemi!"

Hapo hapo adhana ya magharibi ikaanza. Ajabu ya Mungu, mikono yote ikashuka. Mtu akatuletea tende na maji, tukakaa sote watatu kwenye baraza moja, tunatweta, jirani amejiziba pua kwa khanga, mimi shavu linawaka, mama na mpini uliovunjika mapajani. Tukafungua saumu. Jirani alinipokeza bilauri ya maji baada ya kunywa, kwa mazoea tu, nikaipokea.

Tangu jioni ile mama alibadilika. Hakusema nimekosea mimi au amekosea yeye. Maneno hayo hana. Lakini alianza kuuliza. Alimsimamisha mkwewe ngazini akamuuliza boga lina nini, lozi ina nini, dakta alisemaje hasa. Na ilipokaribia Idi, akatangaza kwamba mwaka huu mjukuu wake atakula kashata kama watoto wa watu. Kashata za mbegu za boga na korosho, bila chembe ya simsim.

Nilimwona kwa macho yangu akiitayarisha kazi ile. Alikwenda sokoni Marikiti mwenyewe, hakumwamini mtu. Mbegu za boga alizimwaga kwenye sinia, akazipekua moja moja kwa ncha ya kidole, miwani imemshuka puani, akitafuta adui. Alinunua sufuria mpya, mwiko mpya, bakuli jipya. Alinawa mikono kwa sabuni hadi viwiko. Simsim yote ya nyumbani alikuwa amemgawia mtu. Kisha nikasikia mchi ukianza, dum, dum, vikombe vikilia, na moyo wangu ukatua. Nilikaa ngazini nikausikiliza mlio ule wa utoto wangu, nikasema alhamdulillahi, vita vimekwisha.

Asubuhi ya Idi mwanangu alivaa gauni jeupe lenye utepe. Akashuka kumpa bibi yake mkono, nami na baba yake tukimfuata. Mama akafunua bakuli. Mtoto akauliza swali lake, kiuno ameshika: "Ina simsim?" Mama akaapa kwa Mungu haina. Mtoto akauma.

"Bibi, tamu," alisema.

Kisha akakohoa. Kikohozi kidogo, kama aliyepaliwa. Akashika koo. Safari hii hakukuwa na mabaka ya kutambaa wala uvimbe wa pole pole. Ilikuwa kama mtu amemkaba kwa mkono. Sauti ile ya kupenya ukuta ikakatika, ikabaki filimbi nyembamba kila alipojaribu kuvuta hewa. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Alinitazama. Nikiwa hai sitausahau mtazamo ule, alikuwa anauliza mbona sifanyi kitu.

Mume wangu alimbeba, mimi nikapiga. Ndivyo tulivyogawana kazi. Kichochoro kilikuwa kimejaa kanzu mpya na manukato, wazee wamenyoosha mikono ya Idi mbarak, na mimi niliikata mikono ile kama mtu anayefyeka njia. Viwiko, mabega, teke kwa baiskeli iliyokaa njiani. Barabarani tuktuk zilikuwa zimesimama zimejaa familia. Niliishika ya kwanza, nikamvuta mtu wa kwanza kwa ukosi.

"Shukeni! Mwanangu yuwafa! Shukeni!"

Aliyeshuka alikuwa mwanamume mkubwa, kanzu nyeupe pe. Akaanza kuniuliza mimi ni nani nimguse. Nikampa ngumi ya mdomo. Damu ikamdondokea kanzuni, na mkono wake ukainuka kunirudishia. Kisha akamwona mtoto. Sitamsahau mtu yule, wala simjui mpaka leo. Alishusha mkono, akawatoa watu wake wote ndani, akatusukumia humo, halafu akatangulia mbele mbio, mdomo wavuja damu, akiyapiga magari kwa viganja na kuguta: "Pisheni! Pisheni, mbwa nyinyi, mtoto!"

Hospitalini muuguzi alilichana gauni la Idi kwa mkasi kutoka chini hadi juu, akamchoma sindano pajani kwa nguvu, kama anayepiga msumari. Wakamfunga barakoa ya hewa. Nilisimama nimeshika kipande cha utepe. Kifua kidogo kikapanda, kikagoma, kikapanda tena. Mume wangu alikuwa akimwomba Mungu kwa lugha ya kwao, aliyoiacha siku nyingi. Kisha filimbi ile ikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio, na kilio kikawa kikubwa hata muuguzi akatabasamu.

Ndipo mama akaingia. Alikuwa pekupeku, buibui limegeuzwa ndani nje, na mkononi ameifumbata ile kashata iliyoumwa.

"Haina! Naapa haina simsim! Ipimeni! Nimezichambua moja moja!"

Nilimshika ule mkono, nikaufumbua. Nikanusa. Chini ya harufu ya boga na sukari kulikuwa na nyingine, ya zamani, ya mgongo wangu wa utotoni.

"Umetwangia wapi?"

"Nitwangie wapi? Kinuni."

"Kinu gani?"

Nilimwona akikifikiria. Nilimwona akipitisha kidole cha akilini ndani ya kinu kile cheusi, akikitoa na mafuta yale, ya kwake, ya mamake, ya aliyekuwa kabla ya mamake. Alikuwa amenunua kila kitu kipya. Kinu hakukihesabu kuwa chombo. Wala mimi niliyekaa ngazini nikikisikiliza, sikukihesabu. Kwetu kinu ni mtu wa nyumbani, nani atamshuku?

"Umeniulia mwanangu," nikamwambia, na mtoto analia pale pale, mzima.

Mama alileta uso wake karibu na wangu. "Nipije," akasema. "Nipije weye. Leo nipije."

Mkono wangu ulikwisha inuka. Mume wangu, yule mpole wa bara, akakikamata kifundo cha mkono wangu akakibana hata nikalia kwa maumivu. Alinibana tu mpaka vidole vyangu vikafunguka. Mama akatutazama sote wawili, akageuka, akaondoka na miguu yake mitupu.

Tulirudi nyumbani kesho yake mchana, mtoto mgongoni mwa baba yake, na mfuko wenye sindano ambayo tangu hapo haiachani nami. Tangu mwanzo wa kichochoro nilisikia mapigo. Hayakuwa ya mchi. Yalikuwa makavu, yamepotea mpango, yenye kunyamaza katikati. Jirani yangu wa pua iliyovunjika alikuwa amesimama mlangoni pake. "Ameanza tangu jana," akaniambia. "Nimemwomba anipe mimi kile kinu kama hakitaki, akanitishia kunikata. Amesema mtoto hutembea, ataingia kwangu."

Mama alikuwa uani na shoka. Kinu kilikuwa kimelala ubavu, kimejaa makovu, na mbambakofi ule ulikuwa umemshinda. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, mpini wa shoka ulikuwa mwekundu. Alipotuona aliguta kwa sauti ambayo hajawahi kunigutia nayo hata siku ya maji.

"Usimlete! Mpeleke juu! Vumbi hili, mpeleke juu, funga madirisha!"

Baba yake akampandisha. Mimi nikabaki. Nilimkaribia mama, akanipa shoka bila kunitazama, akakaa chini sakafuni. Nikapiga. Nilipiga kwa hasira ya kashata, na ya chupa ya mafuta, na ya mwiko ule wa mgongoni, nilipiga mpaka mabega yakawaka moto, na kinu kikakataa, kikakataa, kisha kikalia na kupasuka katikati. Harufu ya simsim ikafumka uani kama imekaangwa sasa hivi. Mama aliziba uso kwa mikono yake iliyochubuka akalia kwa sauti, kilio cha matanga, nami nikaendelea kupasua vipande vikawa vidogo.

Alivitia mwenyewe guniani. Akakodi tuktuk akavipeleka Kibarani, akakuta lile jaa la zamani limefanywa bustani, watu wamekaa na watoto wao. Alirudi ameitukana serikali yote, gunia amelishusha Makupa kwa mchoma mahindi, amemwapisha avichomee huko huko, moshi usije mjini.

Kabla ya magharibi nikasikia hatua ngazini. Hakuwa amepanda orofa yetu tangu siku ya kofi. Alisimama nje ya kizingiti, hakukivuka. Alikuwa amevaa dera jipya lenye mikunjo ya dukani, nywele zinadondoka maji, mikono ameifunga vitambaa. Ngozi ya uso na shingo ilikuwa nyekundu, amejisugua kwa dodoki mpaka ikachubuka. Mtoto alikuwa mapajani pangu, akamwona, akanyoosha mikono.

Mama alirudi nyuma hatua moja, akaificha mikono yake mgongoni, akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo:

"Nimeoga. Naweza kumpakata?"